Mikia iliyopinda bwawani na mkwe mjamzito nyumbani: maji ya mfereji yana nini?

*"Naishi Arusha, bondeni mwa mto Themi, chini ya mji. Nina kibwawa nilichochimba kwa ajili ya kumwagilia mchicha na sukuma wiki, kinajazwa na mfereji unaotoka mtoni. Masika hii vyura wametaga sana. Wajukuu wangu wakaniita: mayai mengi yamegeuka meupe kama pamba, na viluwiluwi vilivyoanguliwa vingine vina mikia iliyopinda, vinazunguka tu mahali pamoja. Hatua kama mia juu yangu kuna kijana anayevunja betri za magari atoe risasi akauze, na maji anayooshea anamwaga mferejini. Jirani anasema tatizo si betri, ni vidonge vya uzazi wa mpango vinavyoingia mtoni, ndiyo maana vyura wote wanageuka majike. Mkwe wangu ana mimba ya miezi mitano. Anakula mboga zangu kila siku, na maji ya bomba yakikatika tunachota mferejini tunachemsha. Je, mtoto aliye tumboni anaweza kupatwa na haya ya viluwiluwi? Niache mboga? Nihame?"*

Shikamoo mama. Umeuliza vizuri kuliko wanafunzi wengi ninaowafundisha: umetaja umbali, umetaja msimu, na umetenganisha ulichokiona na ulichoambiwa. Vyura ndiyo kazi yangu na nitafika kwao, ila tuanze na watu wa nyumbani.

Maji ya mfereji yasinywewe kuanzia leo, hata yakichemshwa. Kuchemsha kunaua vijidudu, ndivyo tulivyofundishwa tangu enzi za kipindupindu, na dhidi ya kipindupindu ni kinga nzuri. Risasi, ile metali inayotoka kwenye betri, haifi kwa moto wala haipandi na mvuke. Ukibandika lita tano zikabaki nne, risasi yote iliyokuwamo kwenye tano sasa imo kwenye nne. Bomba likikatika, tumieni maji ya mvua mliyokinga kwenye tenki safi, au mnunue madumu kwa mtu ambaye mnajua anakochota.

Halafu kuna jambo hukuniuliza. Umeuliza habari ya aliye tumboni, lakini mimi ningeanza na hao wajukuu walioona viluwiluwi, maana ili wavione ilibidi wawe wamechuchumaa ukingoni mwa kibwawa na mikono majini. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo kilekile. Na mtoto anaweka mikono mdomoni. Vumbi la betri likikauka pembeni mwa mfereji linashika kwenye vidole, kwenye kandambili na kwenye mpira wa makaratasi, kisha linaingia nalo ndani. Wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, viatu vibaki mlangoni, na sehemu ile ya karibu na betri wasiisogelee kabisa.

Sasa mkwe. Kiinitete cha chura, yaani mtoto anayejitengeneza ndani ya yai, kimelala uchi ndani ya maji; chochote kilichomo majini kinakigusa moja kwa moja. Mjukuu wako ajaye haogelei mferejini. Kinachomfikia kimepita kwanza kwenye utumbo wa mama, kikapita kwenye damu, kikapita kwenye kondo la nyuma, na kila hatua kiasi fulani kinaachwa. Kwa hiyo mkia uliopinda wa kiluwiluwi usiuchukue kuwa ndiyo picha ya mtoto huyo. Ila nisikudanganye: kondo halizuii risasi. Inapita. Tena sehemu ya risasi ambayo mwanamke amewahi kuila maishani imejificha kwenye mifupa yake, na wakati wa ujauzito, mwili unapochota kalsiamu mifupani kumjengea mtoto, risasi hutoka nayo. Madhara yake kwa mtoto ni ya kimyakimya. Anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, na ubongo ukaja kupungukiwa kasi ya kujifunza, jambo ambalo hamtaliona siku ya kuzaliwa.

Muulize pia, kwa upole, kama anakula udongo, zile pemba zinazouzwa sokoni. Wajawazito wengi wanakula na wengi hawasemi. Udongo wenyewe unaweza kuwa na risasi na madini mengine mazito kuliko sahani nzima ya mchicha wako. Mara nyingi hamu hiyo inakuja na upungufu wa damu, na damu ikiwa pungufu mwili unafyonza risasi zaidi. Vidonge vya FEFO (chuma na asidi ya foliki) anavyopewa kliniki avimeze vyote badala ya kuvirundika kabatini. Maziwa na dagaa navyo visikose, kwa sababu kalsiamu na chuma vikiwa vya kutosha, risasi inapata nafasi ndogo ya kuingia.

Haya, vyura.

Mayai meupe kama pamba peke yake hayathibitishi kitu. Yai zima la chura ni jeusi upande mmoja na jeupe-manjano upande wa pili, na likisharutubishwa linajigeuza ndani ya muda mfupi upande mweusi ukae juu. Lisiporutubishwa, au likifa, linapauka, kisha ukungu wa majini unaota juu yake. Hiyo ndiyo pamba waliyoiona watoto. Ukungu unakuja kula kilichokwisha kufa, ingawa baadaye hutambaa ukafunika na majirani wazima. Karibu kila bonge la mayai lina yaliyoharibika, hata kwenye chemchemi ya mlimani. Jua kali kwenye maji ya kina kifupi linatosha kuua mengi yake.

Mikia iliyopinda ina uzito zaidi. Kiluwiluwi kinachozunguka mahali pamoja kwa kawaida uti wake umejikunja, hivyo kila kikipiga mkia kinakwenda duara kama mtumbwi wenye kafi upande mmoja. Metali husababisha hivyo. Joto kupita kiasi linaweza pia, na maji yaliyokosa hewa, na baadhi ya dawa za mashambani. Kwa hiyo viluwiluwi vyako vinakwambia kwamba kuna kitu. Jina lake hawalijui.

Nasisitiza hapo kwa sababu tumewahi kukosea. Mwaka 1995 watoto wa shule huko Minnesota, Marekani, waliokuwa kwenye matembezi ya masomo walikuta vyura wengi wenye miguu ya ziada, wengine hawana kabisa. Watu wakapiga kelele: kemikali! Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa kwenye madimbwi mengi miguu ya ziada ilitokana na mnyoo mdogo anayeishi kwanza ndani ya konokono, kisha anajichimbia kwenye kiluwiluwi pale mguu unapochipukia. Na baadhi ya miguu iliyokosekana ilikuwa imeng'atwa na watoto wa kerengende. Hata chura wetu wa Kihansi, yule mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hatagi bali anazaa watoto wazima, alipotangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, hakuwa na muuaji mmoja. Maji ya maporomoko yalikuwa yamepunguzwa na bwawa la umeme, ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukaingia, na dawa za mashambani kutoka juu nazo zikatiliwa shaka.

Nikueleze metali zinavyofanya kazi, kwa sababu ukishaelewa utajua cha kumuuliza huyo kijana wa betri.

Yai la kuku lina ganda. La chura lina ute tu, na ute ule unanyonya maji mpaka unavimba mara kadhaa. Una chaji hasi, na metali zikiwa majini zina chaji chanya, kwa hiyo zinanasa humo. Kwa muda ute unakuwa ngao, baadaye unakuwa mtego, kwa kuwa kiinitete kinaishi katikati ya kile ulichokusanya. Zikishaingia ndani ya chembe hai, risasi, zebaki na kadimiamu zinapenda salfa iliyomo kwenye protini. Zinajibandika hapo kama bigijii kwenye tundu la kufuli: protini ipo, umbo lake lipo, lakini ufunguo hauingii. Pamoja na hayo, risasi na kadimiamu zina hila ya pili, nayo ni kujifanya kalsiamu. Kiinitete kinaiachia kalsiamu kazi nyingi mno. Chembe zinashikamana kwa kalsiamu, moyo unapiga pigo la kwanza kwa kalsiamu, misuli ya mkia inajikunja kwa kalsiamu. Mlango wa kalsiamu ukipitisha mgeni, kazi inaanza vibaya.

Mtu mzima, au chura mzima, ana ini lenye protini ndogo za kukamata metali na kuzifungia. Kiinitete cha siku moja hakina ini. Na siku hizo za mwanzo ndizo kila kitu. Kwenye maji yetu ya uvuguvugu mayai huanguliwa kati ya siku mbili na nne, na ndani ya muda huo mfereji wa neva unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo unajikunja na kujifunga kama chapati ya kuviringisha. Usipojifunga sawasawa saa zile, hakuna kurudi nyuma kurekebisha. Ndiyo maana maabara zinazopima sumu ya maji hutumia viinitete vya chura mwenye kucha wa Afrika: unaviweka kwenye maji yanayotiliwa shaka kwa saa 96, kisha unahesabu waliokufa, waliopinda, na unapima urefu wa waliobaki. Siku nne tu, na maji yamejieleza.

Kwa hiyo kwa kijana wa betri, swali la maana ni siku. Alimwaga lini? Kama aliosha betri mchana wa siku ambayo vyura waliimba usiku wake, viinitete vilikuta maji mabaya saa mbaya kuliko zote. Angemwaga wiki moja baadaye, pengine ungeona viluwiluwi vilivyonyooka ila vichache na vizembe. Kuna tindikali pia. Maji ya betri ni tindikali ya salfa, na maji yakiwa makali, risasi inayeyuka na kusafiri. Ukali ukipungua mbele ya safari, risasi inajishika kwenye tope na kutulia. Ndiyo maana nadhani tope la kibwawa chako lina habari nyingi kuliko maji yake.

Haya nayasema pia kwa kuwa yalinikuta nikiwa mtoto, na mkosaji alikuwa wa nyumbani kwetu. Nimekulia Moshi, juu kwenye kihamba cha kahawa, mfongo, yaani mfereji wetu wa Kichagga, unapita nyuma ya nyumba. Baba alikuwa anapulizia mrututu dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Dukani siku hizi wanaita kopa, nayo ni madini ya shaba. Jioni moja ya mvua za kwanza alisuuza bomba la kupulizia palepale kwenye mfongo, kama alivyofanya kila mwaka. Mimi nilikuwa nimeweka viluwiluwi vyangu kwenye kijidimbwi pembeni, nimevizungushia mawe. Maji yakapita na rangi ya bluu hafifu, rangi nzuri kweli. Asubuhi vilikuwa vimelala chali, matumbo meupe, vingine vimevimba. Sisi tuliendelea kunywa maji yaleyale ya mfongo na hakuna aliyeumwa tumbo. Baba akasema, unaona, haina sumu.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwa nini wote wawili, baba na viluwiluwi, walikuwa sahihi kwa namna yao. Kiluwiluwi kinavuta chumvi ya mwili wake kupitia matamvua. Shaba inaziba pampu za kuvuta chumvi, hivyo chumvi inavuja, maji yanaingia, mnyama anavimba na moyo unasimama. Mwanadamu anapata chumvi mezani. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linaruhusu shaba hadi miligramu 2 kwa lita, na viluwiluwi wa aina nyingi wanakufa kwa kiasi cha chini sana ya hapo.

Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote niliyoandika: chura si kipimo cha mtu, si kwa kutisha wala kwa kutuliza. Viluwiluwi vinaweza kufa wote kwa shaba isiyokudhuru. Na vinaweza kuogelea kwa raha kwenye maji yenye risasi kidogo ambayo ingemtosha mtoto wa miaka miwili kuanza kuumia. Kiwango cha shirika hilohilo kwa risasi ni miligramu 0.01 kwa lita, mara mia mbili chini ya kile cha shaba. Nyie wa Arusha mna mfano mkubwa zaidi mdomoni mwenu: floraidi. Watu wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki wana meno ya kahawia vizazi kwa vizazi, na vyura wanaendelea kuimba. (Floraidi si metali nzito, watu wanaichanganya sana. Lakini ina uhusiano na jambo letu, kwani maji yenye floraidi nyingi huwa na kalsiamu kidogo, na kalsiamu majini ndiyo inayoshindana na metali mlangoni pa matamvua. Maji yakiwa na kalsiamu kidogo, kiasi kilekile cha shaba kinauma zaidi.)

Tuje kwa jirani na vidonge vyake. Hajasema uongo, ila amechanganya mambo mawili na kuwatwisha wanawake mzigo usio wao.

Ni kweli vyura wanasikia homoni, tena zetu wenyewe. Kuanzia miaka ya 1930 hadi vipimo vya kisasa vilipokuja, hospitali nyingi duniani zilipima mimba kwa chura mwenye kucha kutoka Afrika Kusini: mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa chura jike, na kama kuna mimba, chura alitaga kabla siku haijaisha. Mwaka 1912 mtafiti aitwaye Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi vipande vya tezi ya shingo ya wanyama. Badala ya kukua, wakapoteza mikia haraka wakawa vyura wadogo kama nzi. Homoni ya tezi hiyo inatengenezwa kwa madini joto, yaleyale mnayonunua ndani ya chumvi ili kuzuia goita. Kiluwiluwi kilichonyimwa kinabaki kiluwiluwi, kinanenepa tu, hakiwi chura.

Ni kweli vilevile kwamba estrojeni (homoni ya kike) ya vidonge, ile iliyotengenezwa ili isivunjike upesi tumboni, haivunjiki upesi mtoni pia. Viluwiluwi vikilelewa maabara kwenye maji yenye nanogramu chache tu kwa lita, yaani sehemu za bilioni za gramu, majike wanaweza kuzidi madume. Na kuna mzozo maarufu wa dawa ya magugu ya mahindi na miwa iitwayo atrazini. Mwaka 2002 Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza kwamba kiasi kidogo mno cha dawa hiyo kiliharibu viungo vya uzazi vya vyura madume, na mwaka 2010 akaonyesha kuwa dume mmoja kati ya kumi aligeuka jike anayetaga. Tafiti nyingine, zikiwemo zilizolipiwa na watengenezaji, hazikuona hivyo, na mwaka 2007 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliamua kwamba dawa hiyo haidhuru ukuaji wa viungo vya uzazi vya vyura. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaiondoa sokoni kwa sababu ya maji ya ardhini. Mimi naamini kuna madhara, ila sitakuambia kuwa mjadala umefungwa.

Sasa anapokosea jirani. Jinsia ya chura haiamuliwi kwenye yai siku ya tatu. Korodani au ovari zinajitengeneza baadaye, kiluwiluwi kikiwa tayari kinaogelea na kula. Homoni kwa viwango vinavyokutwa mitoni inafanya kazi yake hapo, kimya, na huwezi kuiona kwa macho. Kiluwiluwi dume na jike wanafanana kabisa mpaka uwapasue chini ya hadubini. Kwa hiyo aliyesema vyura wote wa Themi ni majike hakuwahesabu. Na mkia uliopinda siku ya nne si kazi ya vidonge.

Tena, hapa kwetu wanawake wengi wanatumia sindano na vipandikizi, ambavyo havina estrojeni kabisa. Vina homoni ya aina nyingine, ambayo nayo si salama kwa vyura: moja ya jamii hiyo imeonekana maabara kuwazuia majike wasiote mirija ya mayai. Lakini mkojo wa nyumba nyingi unaishia choo cha shimo na udongo unaula kabla haujafika mtoni. Ukitafuta estrojeni kwenye mfereji, angalia zizi kwanza. Ng'ombe mwenye mimba anatoa nyingi mno, na mazizi mangapi yanaoshwa kuelekea mferejini? Mwambie jirani amwache mkwe wa watu na uzazi wake wa mpango.

Basi ufanye nini. Kwanza vipimo vya watu, maana vya mazingira vinachukua muda. Kliniki ijayo mkwe amweleze mkunga waziwazi: "Tunaishi karibu na mahali betri zinavunjwa." Sentensi hiyo inabadilisha mambo, na wasiposikia hawataiwaza. Aombe kuandikiwa kipimo cha risasi kwenye damu. Hospitali ya Mount Meru kwenu au KCMC huku Moshi watawaelekeza sampuli ipelekwe wapi. Wajukuu wapimwe pia, hasa wa chini ya miaka sita. Matokeo yakiwa mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kiondolewe, na kwa mjamzito daktari anaweza kuongeza kalsiamu na chuma. Msinunue dawa za "kusafisha damu" za barabarani. Mtoto akipata degedege, akitapika mfululizo, akilegea au kusinzia bila kuamka vizuri, msisubiri kipimo wala kliniki: hospitali usiku huohuo, na mtaje betri mlangoni.

Kwa maji na udongo, ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Kaskazini ipo hapo Arusha, na chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru kina maabara ya maji. Piga simu kwanza wakupe chupa zao. Chupa ya soda iliyosuuzwa inaharibu kipimo, na sampuli ya metali inahitaji kutiwa tindikali kidogo ambayo wao wenyewe wanayo. Kama fedha zinatosha sampuli mbili tu, usichukue zote za maji. Chukua udongo wa bustani mahali mboga zinapoota, na tope la chini ya kibwawa. Maji ya leo yanaeleza habari za leo. Ukishuku dawa za kilimo, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko Ngaramtoni.

Mboga: simamisha kwa muda zile zinazomwagiliwa kutoka kibwawani, mpaka jibu la udongo litoke. Risasi nyingi haipandi ndani ya majani, inakaa juu kama vumbi na tope, kwa hiyo kuosha mara tatu kwa maji safi kunaondoa sehemu kubwa. Kadimiamu ni mjanja zaidi, inapanda kwa mizizi hadi kwenye jani, na mchicha unaipokea vizuri, hiyo haioshwi. Ukiweza kumwagilia kwa maji mengine, panda kwenye mifuko au kwenye tuta la udongo ulioletwa kutoka kwingine. Kuhama sikushauri kwa sasa. Kuhama ni gharama ya hakika kwa ajili ya hatari ambayo hamjaipima.

Na huyo kijana. Usianze na polisi. Yeye ndiye mwenye risasi nyingi mwilini kuliko nyote, na kama ana mke na watoto, anawapelekea jioni kwenye nguo za kazi. Mwite akae, mpe chai, muulize kama tumbo linamsokota, kama choo ni kigumu, kama mikono inakosa nguvu. Mwambie auze betri nzima bila kuzivunja, hata kama bei ni ndogo kidogo, na kazi hiyo aihamishe mbali na maji. Akikataa, mtendaji wa mtaa na afisa afya wa kata wajulishwe, na ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, baada yao. Tindikali na risasi mferejini si ugomvi wa majirani tena.

Kuna jambo moja unaloweza kulifanya mwenyewe wakati unasubiri, na wajukuu watalipenda. Vyura wakiimba tena usiku, asubuhi chukua bonge moja la mayai, ukiwa umevaa glavu, uligawe kwenye mabeseni matatu ya plastiki, mayai hamsini hamsini. Beseni la kwanza litie maji ya mfereji kutoka juu ya kijana wa betri, la pili maji ya kibwawa chako, la tatu maji ya bomba yaliyokaa wazi siku mbili ili klorini itoke. Yote yakae kwenye kivuli kimoja. Watoto waangalie, wasiguse. Siku ya nne mhesabu: waliokufa, waliopinda, walionyooka. Wakipinda kwenye mabeseni yote matatu, ondoa macho kwa kijana, shuku mayai yenyewe au joto. Wakinyooka kwenye maji ya juu na ya bomba, wakapinda kwenye ya kibwawa, kuna kitu kinaingia kati ya hatua zile mia. Viluwiluwi virudishwe kibwawani mlikotoa mayai, msivipeleke mto mwingine. Idadi ziandikwe kwenye daftari pamoja na siku kijana aliyoosha betri, na daftari hilo uende nalo kwa Mkemia, maana wataliangalia kabla ya kukuambia chupa zijazwe wapi.